Tafuta nyumba kwanza, samaki atatoka mwenyewe: mwongozo kamili wa kuona samaki wadogo wa maji baridi kwa sisi wa Dodoma

Samaki mdogo wa kwanza niliyemwangalia kwa makini maishani mwangu sikumkuta ziwani. Nilimkuta Bahi, kwenye dimbwi la mvua pembeni ya majaruba ya mpunga, mwezi wa pili, nimechuchumaa na ndoo. Hafiki urefu wa kidole, mwili unamemeta bluu, magamba yamezungushiwa wekundu kama mtu kayachora na kalamu. Bibi akasema hao wanafufuka na mvua, na kweli bibi hakuwa mbali na ukweli, kwasababu ni jamii inayoitwa Nothobranchius, mayai yao yanakaa ndani ya tope lililokauka kiangazi chote, mvua ikija wanaangua, wanakua haraka haraka, wanataga, alafu dimbwi likikauka wote wanakufa na mayai yanabaki yanasubiri. Hicho ndo kilinifanya nianze kuzamia. Nimeanza na huyo makusudi, mana watu wakisikia kuzamia wanafikiria mitungi ya hewa mgongoni na bahari ya Zanzibar, wakati kazi yenyewe ya kumuona samaki mdogo ni ileile niliyoifanya Bahi: unakaa kimya mahali pamoja mpaka alokimbia arudi.

Nitaandika hatua kwa hatua, ila nitakaa sana kwenye zile ambazo watu wanakosea.

Hatua ya kwanza: jifunzie hapahapa Dodoma, bila kuingia majini

Narudia, bila kuingia majini. Hombolo usiogelee, kichocho kipo kwenye mabwawa na madimbwi ya namna hii, na Mtera ndo kabisa, kuna mamba na viboko, waulize wanaouza samaki pale barabarani watakuambia. Unachohitaji ni ndoo ya kuangalizia. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10, kata kitako chake ubakize ukingo wa kama vidole viwili, bandika kioo au plastiki ngumu inayoona kwa silikoni ya mafundi wa alumini, acha ikauke siku nzima ndo ujaribu. Ukiikandamiza juu ya maji ule mng'ao wa jua unapotea na unaona chini kama unatazama dirishani. Vaa mabuti ya mvua, simama kwenye jiwe au ukingo mkavu wa dimbwi dogo ambalo wenyeji wanalijua, mikono isiingie majini, na usipeleke ndoo mahali pa mamba hata kwa dakika moja.

Zoezi lenyewe: chagua eneo dogo kama la meza, hesabu dakika 10 kwenye simu, usihame. Dakika ya kwanza na ya pili hutaona kitu. Ya nne kuna kivuli kinapita. Ya saba wapo sita na unashangaa walikuwa wapi. Fanya hivi mara tano kwa siku tofauti ndo utakuwa na jicho, na jicho hilo hakuna duka linaliuza.

Hatua ya pili: pumzi na mwili

Tafuta bwawa la kuogelea la hoteli, lipia siku, fanya mazoezi ya kuelea na snokeli, lile bomba la kupumulia, uso ukiwa majini mpaka usione tena kama ni kazi. Kama hujui kuogelea anza na hilo na usiruke, hata uwe na hamu kiasi gani. Kama unataka kwenda na mtungi inabidi usome kozi upate leseni, na kozi hizo ziko zaidi Dar na Zanzibar, ni siku tatu nne hivi za mafunzo, usikubali mtu akuvishe mtungi ziwani eti atakufundisha hukohuko. Ila niseme wazi msimamo wangu: kwa samaki wadogo wa maji baridi snokeli inakufikisha mbali sana, mengi niliyoyaona mimi yalikuwa ndani ya mita tatu za juu.

Mambo mawili ya fizikia uyajue mapema. Chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na kiko karibu zaidi kuliko kilivyo, kwahiyo samaki uliyemuandika sentimita 8 ana kama 6, na mkono wako utakuwa unakosa mwamba ukijaribu kushika. La pili, rangi nyekundu inaanza kupotea mita chache tu kutoka juu, ukifika mita tano sita samaki mwekundu anaonekana wa kahawia au kijivu, ndo mana watu wanabeba tochi hata mchana.

Hatua ya tatu: uende wapi

Ziwa Victoria ni letu na tunalipenda, furu wa kule wana historia nzito baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950, ila kwa kuangalia kwa macho maji yake mengi yana ukungu wa kijani, utaona mkono wako na basi. Ziwa Nyasa ni zuri sana, Matema na Mbamba Bay maji ni maangavu na miamba ipo, samaki wa miambani wa kule wengi jike anatunza mayai mdomoni, ukimuona shavu limevimba na hali chochote basi ujue kabeba. Ila kwa mtu wa Dodoma mimi nasema Kigoma. Treni ya zamani ya reli ya kati inatoka hapa inapita Tabora mpaka mwisho wa reli, na mwisho wa reli ndo ziwa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na lina aina za samaki jamii ya sato na furu zaidi ya 200 ambazo karibu zote hazipo kwingine popote duniani. Watu wakisikia kina hicho wanadhani mambo yako chini huko. Hapana, ni kinyume. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, upande wa kaskazini ukishuka kama mita 100 hakuna tena oksijeni ya kutosha samaki kuishi, kwahiyo maisha yote yamebanana kwenye ngozi ya juu, na hao wadogo wengi wako pale unapoweza kusimama.

Kipindi: mvua za Novemba mpaka Aprili mito inaingiza tope, hasa ukiwa karibu na mdomo wa mto kama Luiche kule chini ya Ujiji. Kiangazi maji yanasafika ila upepo wa kusini unaweza kupiga mawimbi siku nzima, kwahiyo unaingia asubuhi, saa mbili tatu hivi, jua limeshapanda kidogo na ziwa bado limelala.

Vifaa, kwa kifupi

Maski ndo kitu pekee ambacho siwezi kukushauri ubane hela. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, ikishika bila kudondoka ni yako, ikidondoka sio yako hata kama ni nzuri. Maski mpya isugue ndani na dawa ya meno siku moja kabla, na kila ukiingia paka tone la shampoo ya watoto alafu suuza, haitashika ukungu. Snokeli ya kawaida tu. Mapezi ya kuvaa miguuni yawe mafupi, marefu yanatimua mchanga. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, mana jua la Kigoma litakuchoma mgongo ukiwa umeinama saa nzima na hutalisikia. Tochi ndogo. Kibao cha plastiki na penseli, penseli inaandika majini vizuri tu.

Wa mitungi sikilizeni hapa: ukizoea mkanda wa uzito wa baharini, ule wa kukuzamisha, punguza, maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi kwa kama asilimia mbili na nusu, kwa mtu wa kawaida na vifaa vyake ni kilo mbili hivi. Nilishawahi kuingia na uzito wa Dar, nikatua kwenye mchanga kama jiwe na tope likapanda mpaka usoni, dakika kumi na tano sikuona hata mkia. Na komputa yako ya kuzamia, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda, iweke maji baridi na uhakikishe inasoma mwinuko, ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, jedwali za kawaida za kuzamia zimetengenezwa kwa usawa wa bahari na ukishapita mita 300 inabidi zirekebishwe. Kuhusu kujaza mitungi piga simu uthibitishe kabla hujapanda treni.

Hatua ya nne: ukifika, uliza kabla hujalowa

Usiende moja kwa moja majini. Tafuta wazee wa mitumbwi na akina mama wanaofua, hao ndo wanajua. Mimi huwa nafanya hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mzee naomba kuuliza, hapa mamba wanaonekana?"

"Hapa hapana. Kule kwenye matete usiende, na jioni toka."

"Na miamba mizuri ya samaki wadogo?"

"Wadogo wa kula?"

"Hapana mzee, nawaangalia tu."

Akacheka, alafu akanionyesha kwa kidole mahali ambapo peke yangu nisingepajua mwaka mzima. Matete, midomo ya mito na giza, hivyo vitatu ni vya mamba na viboko, kaa mbali. Kuna pia nyoka, swila wa majini, anaishi kwenye miamba ya ziwa hili na anakula samaki, sumu yake ni kali ila hakufuati, ukimuona tulia mpishe aende, na hii ndo sababu ya kwanza ya kutoingiza vidole kwenye mipasuko ya mawe. Ufukwe wa Jakobsen pale Kigoma ni wa kuanzia mzuri, mawe yapo, mchanga upo, na watu wanaogelea miaka mingi. Na usiingie peke yako, siku zote muwe wawili.

Hatua ya tano: soma nyumba

Hapa ndo penyewe. Samaki hawa hawazururi ovyo, kila mmoja ana mtaa wake na ana anwani, ukiijua nyumba unajua nani anaishi. Tembea na mimi kutoka ufukweni kwenda ndani.

Maji ya magotini, kwenye kokoto, pale wimbi linapovunjika. Watu wote hupapita mbio wakienda kwenye maji ya kina, na wanamruka samaki anayeitwa Eretmodus. Mfupi, kichwa kikubwa, ana vidoti vya bluu ubavuni, anarukaruka chini kwenye mawe badala ya kuelea kwasababu kibofu chake cha hewa kimepungua, na hilo linamsaidia asibebwe na mawimbi. Lala kifudifudi kwenye maji ya nusu mita, shika jiwe moja lililo wazi, subiri. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, na mayai wanayabeba mdomoni kwa zamu, mama kwanza alafu anamkabidhi baba. Ukiwaona wawili wamekaribiana midomo wanatetemeka usisogee hata kidogo.

Juu yako palepale, karibu na uso wa maji pembeni ya mwamba, kundi la samaki wembamba wenye mistari ya nukta za bluu zinazowaka kama taa. Huyo ni Lamprichthys, yupo Tanganyika tu, na ndugu zangu wa Bahi huyu yuko kwenye ukoo mmoja mpana na yule wetu wa dimbwini. Anataga mayai kwenye nyufa nyembamba za mwamba, utamuona anajibana ubavu kwenye ufa kama mtu anayepita mlango mdogo.

Mita moja mpaka tano, mawe makubwa yenye mwani. Hapa ni soko. Tropheus wanachuna mwani mchana kutwa na kugombana, na rangi zao zinabadilika kila sehemu ya ziwa, ndo mana nasema kila siku usimtambue samaki kwa rangi. Angalia watoto wa Tropheus duboisi, weusi tii wenye vidoti vyeupe kama nyota, wakikua vidoti vinapotea kabisa na mtu anadhani ni samaki wawili tofauti. Kwenye mipasuko kuna Julidochromis, mwembamba mwenye mistari, anafuata jiwe kwa tumbo lake, jiwe likiinama naye anainama, kwenye paa la pango anaogelea tumbo juu. Huyu hutampata ukipita juu, lazima ushuke ulingane na mlango wake alafu umulike kwa pembeni, usimmulike machoni.

Ukiona kundi la samaki wa rangi ya mchanga wenye mikia iliyochanua ncha ndefu mbili kama mwezi mwandamo, hao ni Neolamprologus brichardi, kaa nao. Wazazi wanasaidiwa na watoto wakubwa wa uzao uliopita kulinda wadogo, kwahiyo kwenye nyumba moja utaona saizi tatu nne, wa sentimita moja wamejificha chini, kaka na dada zao wanafukuza wageni, wazazi wako juu. Nimekaa na familia moja nusu saa nzima, nikamuona dada mtu anamchukua mdogo aliyetoka mbali mdomoni na kumrudisha ndani, na mpaka leo nikifumba macho naiona.

Alafu kuna mwizi wa magamba, Perissodus, wa kama sentimita 10, anajichanganya na wengine kisha anawavamia kwa nyuma anang'oa magamba. Mdomo wake umepinda, wengine kulia wengine kushoto, aliyepinda kulia anashambulia ubavu wa kushoto wa mwenzake na kinyume chake. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba pande hizo mbili zinapokezana wingi, mana upande ukizidi samaki wengine wanaujua na kuulinda. Majini utamtambua kwa tabia: samaki wote wametulia, ghafla mmoja anashtuka kama kachomwa sindano, angalia nani anaondoka.

Ukitoka mawe yakaisha unakuta mchanga, unaonekana mtupu lakini angalia vishimo, na ukiona wingu la vijisamaki elfu moja juu ya mchanga na jitu kubwa la njano limesimama pembeni huyo ni kuhe analinda watoto, mpite mbali. Karibu na ufukwe utakuta pia vidagaa vichanga, wale ndugu wa dagaa wa Kigoma unaowanunua sokoni Majengo, wakiwa hai ni kama vipande vya kioo na wakigeuka wote kwa pamoja ziwa linawaka.

Chini zaidi, mara nyingi kuanzia mita 10, kuna uwanja wa makombe ya konokono Neothauma, maelfu yametapakaa. Hapa ndo mtungi unalipa. Ndani ya makombe hayo wanaishi samaki ambao wengine hawazidi sentimita 4 au 5, wanazaliwa humo, wanalelewa humo. Elea mita moja na nusu juu, usiguse chini, usipige mapezi, pumua polepole mana mapovu yanawatisha. Utaona makombe matupu. Baada ya dakika tano kila kombe lina macho mawili. Ukiona lundo la makombe limekusanywa mahali pamoja ni kazi ya dume la Lamprologus callipterus, anayabeba kwa mdomo moja moja kujenga mji wa wake zake, dume huyu anaweza kuwa na uzito zaidi ya mara kumi ya jike kwasababu yeye lazima aweze kubeba kombe na jike lazima aweze kuingia ndani yake. Usichukue kombe hata moja nyumbani, ni kumbomolea mtu nyumba.

Hatua ya sita: jinsi ya kukaa

Fika, simama mita mbili kutoka kwenye nyumba uliyoichagua, jiweke ili jua liwe nyuma yako ila kivuli chako kisiangukie mlangoni. Dakika tatu usifanye kitu. Sogea urefu wa mkono mmoja, simama tena. Ukiona wanaanza kula na kugombana wenyewe kwa wenyewe ujue wamekusahau, hapo ndo anza kuangalia. Kwenye kibao usiandike majina, andika umbo, mkia, mistari imesimama au imelala na iko mingapi, alikuwa kwenye nini, alikuwa na nani, kina. Majina utayatafuta jioni ukiwa mkavu. Kamera iache mpaka siku ya tatu, anayeanza na kamera anaangalia kioo cha kamera.

Mitoni

Vijito vya milimani vya Uluguru na Udzungwa vina maji safi na samaki wadogo wenye ndevu na kambare wadogo wanaojishika kwenye mawe, ila hapo hakuna mtungi, ni maski na snokeli kwenye bwawa dogo chini ya maporomoko. Ingia kutoka chini ukielekea juu, samaki wa mtoni anatazama kule maji yanakotoka na tope lako litaenda nyuma yako. Mto mpana wa uwandani usiingie, mamba. Na mvua ikinyesha milimani hata kama kwako jua linawaka, toka.

Kurudi nyumbani

Hii inawahusu wa mitungi na sisi wa bara kuliko wa pwani. Dodoma iko kama mita 1,120, ziwa liko 770, kwahiyo kurudi nyumbani ni kupanda, na ukitoka Matema ni hatari zaidi mana Nyasa iko chini ya mita 500 na barabara inakupandisha Tukuyu mpaka Mbeya, mita 1,700, ndani ya saa chache. Ukipanda mapema ile naitrojeni iliyobaki mwilini inatoka kama mapovu ya soda, viungo vinauma, unaweza kupooza, na uko mbali sana na matibabu yake. Kaa saa 18 baada ya mbizi ya mwisho kama umezamia siku kadhaa, iwe unapanda ndege au gari la mlimani, mimi nakaa 24, siku ya mwisho naitumia kutembea Ujiji na kununua dagaa.

Na kichocho: hata ukichagua mahali pa wazi pasipo na majani, jihesabu kwamba umegusana nacho. Weka tarehe kwenye simu, wiki 6 hadi 8 toka siku uliyoingia majini, nenda hospitali useme wazi nimeogelea ziwani, upimwe mkojo na choo na kama kipo utapewa dawa. Kupima mapema sana kunaweza kukuonyesha huna wakati unacho. Mimi tarehe yangu ya kupima kwa safari iliyopita ni Jumatatu ijayo, na madaftari ya kule bado hayajaisha kunakiliwa, kuna mmoja wa kwenye kokoto mwenye mistari saba iliyosimama sijampatia jina mpaka sasa.